Vidonge vya MS: vilikotoka na vinapokwama

Hadi Septemba 2010, nchini Marekani, mgonjwa wa maltipo sklerosisi, yaani MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo, aliyehitaji dawa ya kuukabili ugonjwa wenyewe na si kutuliza dalili tu, hakuwa na njia ila sindano au dripu. Interferoni beta ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1993, glatirama ikafuata mwaka 1996. Ya kwanza ilidungwa siku moja ndiyo, siku moja hapana. Ya pili kila siku. Mgonjwa alijifunza kuhamahama, leo paja, kesho tumbo, ili ngozi isivimbe ikawa ngumu.

Kidonge hakikuchelewa kwa uzembe. Interferoni ni protini. Ukiimeza, tumbo litaimeng'enya kama linavyomeng'enya dagaa. Dawa ya kumeza inapaswa kuwa molekuli ndogo inayohimili asidi ya tumbo, ikapenya ukuta wa utumbo, ikapita kwenye ini bila kuharibiwa yote, kisha ikafika inakotakiwa ikiwa bado na nguvu. Sasa, molekuli ndogo kiasi hicho haichagui mlango. Inafika kwenye seli za kinga ilizokusudiwa, na inafika pia kwenye moyo, ini, retina na, kwa mjamzito, kwa mtoto aliye tumboni. Kemikali za kuzima kinga ya mwili zipo tele. Kazi ni kupata kiasi kinachozima kidogo tu, mahali panapofaa, kwa miaka mingi, kwa mtu ambaye mara nyingi ana miaka thelathini na bado anataka kufanya kazi na kuzaa.

Katika MS, chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti huvuka kutoka kwenye damu, zikaingia kwenye ubongo na uti wa mgongo na kushambulia mayelini, ala ya mafuta inayozizunguka neva. Ala ikibanduka, ujumbe hupita polepole au haupiti kabisa: jicho linafifia, mguu unakuwa mzito, kibofu hakitii. Wengi huanza na mashambulio yanayokuja na kupoa. Baadaye baadhi yao huingia katika hatua ambapo hali inazorota taratibu hata kama hakuna shambulio jipya. Mambo haya mawili, shambulio na kuzorota, yashike kila moja kivyake, maana ndiyo yanayowasumbua watengenezaji wa dawa hadi leo.

Kuvu aotaye juu ya mdudu

Kidonge cha kwanza kuidhinishwa kwa MS Marekani kilikuwa fingolimodi. Chanzo chake ni Isaria sinclairii, kuvu anayeota juu ya wadudu. Profesa Tetsuro Fujita wa Chuo Kikuu cha Kyoto na wenzake walitoa kwa kuvu huyo kemikali iitwayo mairiosini, iliyozima kinga vizuri sana na kuwa sumu vilevile. Wakaipunguza molekuli kipande baada ya kipande, wakitafuta sehemu inayofanya kazi bila kuua. Mwaka 1992 walifikia kemikali nyepesi waliyoipa jina FTY720: F ya Fujita, T ya Taito na Y ya Yoshitomi, kampuni mbili za Kijapani zilizoshiriki.

Katika kupunguza huko, dawa ilibadilika tabia bila mtu kukusudia. Mairiosini huzuia kimeng'enya kinachounda mafuta fulani ya seli. FTY720 haizimi kinga kwa njia hiyo. Ilichukua hadi mwaka 2002 kueleweka inafanya nini hasa. Ikifika mwilini huongezewa fosfeti, nayo inafanana na S1P, mafuta ambayo limfosaiti huyafuata kama harufu ili kutoka kwenye tezi za limfu na kurudi kwenye damu. Dawa inakikamata kipokezi cha S1P hadi seli inakivuta ndani na kukivunja. Limfosaiti haifi. Inabaki ndani ya tezi, imepoteza mlango. Kwenye damu, hesabu yake inashuka hadi kiasi cha asilimia 20 hadi 30 ya ilivyokuwa.

Novartis ilipochukua leseni mwaka 1997, lengo lilikuwa kupandikiza figo. Wagonjwa walipewa miligramu 2.5 au 5 kwa siku. Dawa haikuishinda ile iliyokuwepo, na kwenye miligramu 5 figo zilifanya kazi vibaya zaidi, huku baadhi ya wagonjwa wakipata uvimbe katikati ya retina. Kwa upande wa figo, mradi uliishia hapo.

Kwenye MS, jaribio la awamu ya pili lililochapishwa mwaka 2006 lilichukua watu 281 na kuwapa miligramu 1.25, miligramu 5 au kidonge kitupu, yaani kisicho na dawa, kwa miezi sita. Picha za MRI zilionyesha majeraha mapya machache kwa dozi zote mbili, na ile kubwa haikuizidi ndogo kwa lolote ila madhara. Kwa hiyo awamu ya tatu ikashuka tena: 1.25 na 0.5. Katika jaribio la FREEDOMS, watu 1,272 kwa miaka miwili, waliomeza kidonge kitupu walipata mashambulio 0.40 kwa mwaka, waliomeza miligramu 0.5 walipata 0.18. Yaani kwa kila wagonjwa kumi, mashambulio manne kwa mwaka yalishuka yasifike mawili. Waliomeza 1.25 walipata 0.16, tofauti isiyo na maana ukizingatia kwamba katika jaribio lingine, TRANSFORMS, wawili waliokuwa kwenye dozi hiyo walifariki kwa virusi: mmoja kwa tetekuwanga iliyosambaa mwilini, mwingine kwa virusi vya hepesi vilivyoingia kwenye ubongo. Iliyoidhinishwa ikawa 0.5, sehemu moja ya kumi ya ile kubwa ya figo.

Somo hili la dozi limegharimu kampuni nyingi fedha nyingi, na bado linarudiwa. Dawa iliyozaliwa kwa ajili ya kuzuia figo la mtu mwingine lisikataliwe huja na dozi ya vita. MS haihitaji vita.

Siku ya dozi ya kwanza ndipo mtu anapoona kwamba kidonge kina mambo yake. Kabla ya kumeza hupimwa ECG, yaani umeme wa moyo, na presha. Baada ya kumeza hukaa kituoni saa sita, mapigo na presha vikipimwa kila saa, kisha ECG tena. Sababu ni kwamba moyo nao una vipokezi vya S1P. Dawa inavigusa na mapigo yanapungua, mara nyingi yakifika chini kabisa kati ya saa ya nne na ya tano. Kama kipimo cha saa ya sita ndicho cha chini kuliko vyote, mgonjwa haondoki, maana haijulikani kama mapigo yamefika mwisho wa kushuka. Mwaka 2011 mgonjwa mmoja alifariki ndani ya saa 24 baada ya dozi ya kwanza, na mwaka uliofuata mamlaka za Marekani na Ulaya zikakaza masharti ya uangalizi. Aliyekwisha kutumia dawa kwa zaidi ya mwezi akiiacha kwa zaidi ya siku 14, anarudi kituoni kuanza upya saa zile sita, kwa kuwa moyo umekwisha sahau.

Macho hupimwa kabla na tena miezi mitatu hadi minne baada ya kuanza. Asiye na kingamwili za tetekuwanga huchanjwa kwanza na kusubiri mwezi mmoja. Na kuna hatari inayosahaulika kwa urahisi: kuacha ghafla. Limfosaiti zilizofungiwa zikitoka zote kwa pamoja, wengine hupata shambulio kubwa kuliko walilowahi kupata kabla ya dawa. Ambaye duka lake la dawa huishiwa mara kwa mara afikirie hilo kabla ya kuanza, si baada.

Warithi wa fingolimodi walikuja kutatua tatizo la moyo kwa kupanda ngazi. Siponimodi, iliyoidhinishwa Marekani Machi 2019, huanza na miligramu 0.25 na kufika 2 siku ya sita, lakini kwanza mgonjwa apimwe jeni ya CYP2C9, kwa kuwa wenye aina fulani ya jeni hiyo ini lao huivunja polepole mno. Wengine hupewa nusu ya dozi na wachache hawapewi kabisa. Ozanimodi, ya Machi 2020, hupanda kwa siku saba. Hiyo ilikwama kwanza: mwaka 2018 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilikataa hata kuanza kulisoma ombi lake, kwa kuona kwamba sehemu ya famakolojia, yaani jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini, haikujitosheleza. Miaka miwili ikapotea kwa kazi ambayo ingefanywa mapema.

Dawa ya ngozi na dawa ya viungo

Dimethili fumareti ina historia inayochekesha kidogo. Mkemia Mjerumani Walter Schweckendiek, aliyekuwa na ugonjwa wa ngozi wa soriasisi, alizijaribu kemikali za jamii hii mwilini mwake na kuandika matokeo mwaka 1959. Ujerumani ikaidhinisha mchanganyiko wake kwa soriasisi mwaka 1994. Kemikali hiyohiyo iliwahi kutiwa kwenye vifuko vidogo ndani ya makochi na viatu ili kuzuia ukungu safarini. Ikachoma ngozi za wanunuzi hadi Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku kwenye bidhaa mwaka 2009. Machi 2013 FDA iliiidhinisha kwa MS. Kwenye jaribio la DEFINE, mashambulio yalikuwa 0.17 kwa mwaka dhidi ya 0.36 ya kidonge kitupu.

Huanza kwa miligramu 120 mara mbili kwa siku kwa wiki moja, kisha 240 mara mbili. Wiki ya kwanza si ya kuzuga: inaupa utumbo nafasi ya kuzoea. Kinachowatoa wagonjwa kwenye dawa hii mwezi wa kwanza ni tumbo kukoroga, kuhara, na uso kuwaka moto na kuwa mwekundu. Kumeza pamoja na chakula husaidia. Aspirini nusu saa kabla hupunguza kuwaka kwa uso, kwa wale wanaoruhusiwa aspirini. Kapsuli haifunguliwi wala kutafunwa, kwa kuwa punje zake zimepakwa tabaka la kuzikinga na asidi ya tumbo. Hesabu ya limfosaiti hufuatiliwa mara kwa mara; ikikaa chini ya 500 katika maikrolita moja ya damu kwa zaidi ya miezi sita, daktari hufikiria kusimamisha, kwa sababu huo ndio upenyo wa virusi vya JC kuingia kwenye ubongo na kuleta ugonjwa wa PML, ambao unaweza kuua.

Terifunomidi ni umbo ambalo dawa ya baridi yabisi, lefunomidi, hugeuka kuwa ikishaingia mwilini. Inazuia kimeng'enya ambacho limfosaiti zinazozaana kwa kasi hukihitaji kutengeneza malighafi ya DNA. Kidonge kimoja kwa siku, miligramu 14 (Marekani pia 7), nguvu ya wastani, ini lipimwe kila mwezi kwa miezi sita ya kwanza, nywele huweza kupungua. Tatizo lake kubwa ni kutotaka kuondoka. Ini huitoa kupitia nyongo, utumbo huifyonza tena, nayo huzunguka hivyo hata miaka miwili baada ya kidonge cha mwisho. Kwa mwanamke aliyeshika mimba, au anayetaka kuipata, hilo si jambo la kungoja, maana katika wanyama dawa hii imeharibu vijusi. Njia ni kukata mzunguko: kolestiramini gramu 8 kila baada ya saa nane kwa siku 11, au mkaa wa dawa gramu 50 kila baada ya saa 12 kwa siku hizohizo 11, kisha damu ipimwe kuthibitisha dawa imeshuka chini ya miligramu 0.02 kwa lita.

Vidonge vya siku ishirini

Kladribini ndiyo iliyopita njia ndefu kuliko zote. Ilitengenezwa katika taasisi ya Scripps, California, na ikaidhinishwa kama dripu ya aina adimu ya saratani ya damu mwaka 1993. Ujanja wake uko kwenye atomu moja ya klorini, ambayo inaizuia isivunjwe na kimeng'enya kinachosafisha kemikali za aina hiyo. Limfosaiti zina kimeng'enya kingi cha kuiwasha na kichache cha kuizima, kwa hiyo sumu inarundikana ndani yao kuliko kwenye seli nyingine.

Jaribio la CLARITY, lenye watu 1,326, lilishusha mashambulio kutoka 0.33 hadi 0.14 kwa mwaka. Matokeo mazuri, lakini saratani chache zilionekana upande wa dawa na hakuna hata moja upande wa kidonge kitupu. Urusi na Australia zilikuwa zimeikubali mwaka 2010. Ulaya ikaikataa, FDA ikairudisha Machi 2011, na kampuni ikaiondoa hata kule ilikokubaliwa. Baadaye wataalamu walipolinganisha na majaribio ya dawa nyingine za MS, waliona kasi ya saratani kwa waliomeza kladribini haikuwa ya ajabu. Cha ajabu kilikuwa kundi la kidonge kitupu lisilo na hata kesi moja. Bahati ya kundi la kulinganishia ilichangia kuichelewesha dawa miaka kadhaa. Ulaya iliikubali Agosti 2017, Marekani Machi 2019, ikiwa bado na onyo la saratani kwenye karatasi yake.

Dozi ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito, zikigawanywa kwa miaka miwili. Mwenye kilo 65 humeza vidonge sita vya miligramu 10 katika wiki moja: viwili siku ya kwanza, kimoja kila siku kwa siku nne. Mwezi unaofuata anarudia. Mwaka wa pili anarudia yote. Jumla vidonge 24, siku 20 za kumeza katika miaka miwili, basi. Mikono iwe mikavu wakati wa kukishika na ioshwe baadaye. Dawa nyingine za kumeza zikae mbali kwa saa tatu. Limfosaiti ziwe za kawaida kabla ya mwaka wa kwanza na zisipungue 800 kabla ya mwaka wa pili. Zikiwa pungufu, anasubiri. Zikishuka chini ya 200, apewe dawa ya kuzuia mkanda wa jeshi. Mwanamke na mwanamume wote hujizuia na mimba kwa angalau miezi sita baada ya kidonge cha mwisho.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa mara ya kwanza, dawa za MS: glatirama, rituksimabu na kladribini ya vidonge. Kwa Afrika Mashariki hii ya mwisho ina mvuto ulio wazi, kwa kuwa haihitaji friji wala kitanda cha dripu. Lakini kabla ya kuanza ni lazima kupima VVU, homa ya ini B na C, na kifua kikuu, hata kile kilichojificha. Mwenye kifua kikuu kilichojificha hutibiwa kwanza. Mahali ambapo kifua kikuu ni cha kawaida, hatua hiyo moja inaweza kusogeza mwanzo wa matibabu kwa miezi.

Kuzorota bila shambulio

Dawa zote hizo hufanya kazi zaidi nje ya ubongo, kwa kupunguza limfosaiti zinazoingia. Kuzorota taratibu kunaonekana kuendeshwa na seli za kinga zilizo ndani tayari, zikiwemo makrofeji na maikroglia. Ndipo likaja kundi la vizuizi vya BTK, kimeng'enya ambacho baadhi ya seli hizo hukitumia, molekuli ndogo za kutosha kuvuka ukuta ulio kati ya damu na ubongo.

Mojawapo, evobrutinibu, ilianguka Desemba 2023. Ilipambanishwa na terifunomidi, na katika mojawapo ya majaribio yake mawili makundi yote yalikuwa na mashambulio 0.11 kwa mwaka. Angalia namba hiyo. Terifunomidi hiyohiyo, katika jaribio la TEMSO lililoifikisha sokoni, ilikuwa 0.37. Dawa haikubadilika, wagonjwa ndio waliobadilika. Siku hizi hugunduliwa mapema, na wanaoingia kwenye majaribio wana ugonjwa mwepesi zaidi. Ukitaka kuonyesha kwamba 0.11 imeshuka, unahitaji watu wengi mno, na kidonge kitupu hakikubaliki tena kirahisi pale ambapo dawa zipo. Kipimo kilichojenga fani nzima kinaelekea kuisha makali.

Tolebrutinibu nayo haikuishinda terifunomidi kwa mashambulio katika majaribio mawili ya GEMINI. Lakini jaribio la tatu, HERCULES, lilichagua watu 1,131 walio katika hatua ya kuzorota bila mashambulio, na huko waliozorota kwa kiwango kilichothibitishwa baada ya miezi sita walikuwa asilimia 22.6 dhidi ya 30.7 ya waliomeza kidonge kitupu. Dawa ileile imeshindwa kwa swali moja, ikajibu jingine. Anayesoma kichwa cha habari kimoja tu atatoka na nusu ya habari.

Bei yake iko kwenye ini. Asilimia 0.5 ya waliomeza dawa walipandisha kimeng'enya cha ini zaidi ya mara 20 ya kiwango cha juu cha kawaida, wote katika miezi mitatu ya kwanza. Mmoja wao alipandikizwa ini na akafariki kwa matatizo ya baada ya upasuaji; hilo lilitokea kabla ya utaratibu wa upimaji kukazwa. Baada ya hapo, aliyeanza kidonge hiki katika majaribio alichomwa sindano kila wiki katika kipindi hicho cha mwanzo, safari hii si ya kuingiza dawa bali ya kutoa damu.